Jumatano: Baraka Pamoja na Kuchechemea

*Soma Mwanzo 32:24–31. Yakobo aliondoka Penieli na nini mwilini mwake ambacho hakuwa nacho jana yake?*

Usiku ule mmoja Yakobo alipata jina jipya, baraka, na paja lililoteguka. Kulipopambazuka alikuwa ameshinda, lakini hatua zake hazikuwa zile za jana. Wahubiri wengi hupenda jina jipya. Paja hulipita haraka. Leo tukae kidogo kwenye paja.

Washiriki wetu wa kandokando ya Ziwa, kuanzia Ukerewe hadi Sengerema, wakiugua saratani wengi hupanda kilima cha Bugando, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwa ajili ya tibakemikali. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana duniani kwa saratani ya matiti na ya tezi ni doksorubisini. Mgonjwa huijua kwa rangi: ni ile dawa nyekundu, na mkojo huwa mwekundu siku moja au mbili baada yake. (Hiyo si damu, usiogope.) Imeokoa maisha ya wengi. Lakini inaweza kudhuru misuli ya moyo, na seli za misuli hiyo karibu hazizaliwi upya. Ndiyo maana daktari hujumlisha kila dozi tangu ya kwanza, na kwa kawaida hataki jumla ya maisha yote ipite miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Basi tunza karatasi zako za matibabu kama unavyotunza hati ya kiwanja. Hata ukienda hospitali nyingine baada ya miaka 10, hesabu ile bado inaendelea.

Dalili zaweza kuonekana wakati wa matibabu au miaka mingi baadaye, na waliotibiwa wakiwa watoto wahusike sana: kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, miguu kuvimba, kushindwa kulala bila mito miwili au mitatu. Kipimo cha eko huonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Udhaifu ukigunduliwa mapema, dawa zipo, na mioyo mingine hurudiwa na nguvu.

Hatari iko kwetu kanisani. Dada amesimama siku ya Sabato akashuhudia kwamba Bwana amemponya, nasi tukasema Amina. Miezi minane baadaye hawezi kupanda mlima wa kwenda nyumbani kwake bila kupumzika mara tatu. Atamwambia nani? Anaona kana kwamba atafuta ushuhuda wake, basi ananyamaza. Mwingine akisikia habari hizi huacha dripu zilizobaki akaanza kunywa mizizi. Wa kwanza aweza kufa kwa moyo, wa pili kwa saratani iliyokuwa inatibika. Kupunguza au kubadili dawa ni uamuzi wa mgonjwa na daktari wake, si wa jirani.

*Soma 2 Wafalme 20:5–7.* Bwana alimwahidi Hezekia uponyaji, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuondoa dawa. Naye Trofimo, mwenzake Paulo, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20); hatusomi popote kwamba alikemewa kwa kukosa imani.

*Sasa soma Mwanzo 33:12–14.* Esau alitaka wasafiri pamoja. Yakobo akaomba afuate nyuma polepole, kwa mwendo wa mifugo na watoto. Alitaja mifugo na watoto, paja hakulitaja. Wagonjwa wetu nao hutaja mvua, nauli, wajukuu. Moyo hawautaji.

*Katika kikundi chako cha Shule ya Sabato, ni nani aliyemaliza tibakemikali na siku hizi huchelewa, au hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango? Nani atamtembelea kabla ya Sabato ijayo, na nani atachangia nauli ya kivuko aende kupimwa moyo?*