Sadaka ni Sadaka, Deni ni Deni



Juzi tulikusanya nguo na unga kwa ajili ya ndugu zetu wa Kivu. Mwezi wa Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa jeshi, lakini vita haikuisha. Januari 2025, M23 walipoingia Goma, watu waliokimbilia kambi za kandokando ya mji walitawanyika tena. Mlitoa kwa moyo, Mungu asifiwe. Kisha baba mmoja mzee akaniuliza: “Shemasi, na wale wa gare ya Likasi?” Nilikosa jibu.

Vijana hawajui. Mobutu alishika nchi kwa nguvu ya jeshi tarehe 24 Novemba 1965. Watu walipodai demokrasia, wakagombanishwa wao kwa wao. Agosti 1992 Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguz, mtu wa Katanga. Huku Shaba gavana Kyungu wa Kumwanza alihubiri Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa, wazazi wao waliletwa kwa kazi ya reli na Union Minière. Wakafukuzwa Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993. Walilala gare majuma na miezi wakingoja treni ya kwenda Kasai, na watoto wakafa kwa njaa na magonjwa.

Mimi nilikuwa na miaka 11. Mama alipeleka maji na bukari gare kila asubuhi, na watu walimsifu. Lakini baba alikuwa amenunua mashini ya kushona ya jirani yetu, fundi, kwa bei ya kitenge kimoja. Hakumpiga wala hakumtukana. Jirani mwenyewe alisema: “Chukua, ndugu yangu, kwenye treni hainifai.”

Wengine watasema: aliuza kwa mapenzi yake, tena wezi wangeichukua bure. Nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Bei ile haikupangwa na fundi wala na baba. Woga ndio uliipanga, na sisi tukala faida yake.

Tusome Luka 19. Zakayo alifanya mambo mawili: aliwapa maskini nusu ya mali yake, na waliodhulumiwa akawarudishia mara nne. Hakutoa hesabu ya hili katika lile. Bukari ya mama ilikuwa sadaka. Mashini ni deni, na bukari haikulilipa.

Sisemi tuache Goma. Mwenye njaa hawezi kungoja tumalize hesabu zetu za zamani. Lakini ni rahisi kumlilia aliye mbali, kwa sababu kitanda chake hakiko chumbani mwetu.

Baba amelala katika Bwana. Mashini iko nyumbani, dada yangu anaishonea kanzu za kwaya. Nimeandika barua Mwene-Ditu, kwa mkono wa ndugu wa kanisa, kuwatafuta watoto wa fundi. Jibu halijafika.