Masomo ya Hiari na Hadhi ya Kazi ya Mikono

Masomo ya hiari na ya vitendo katika shule za sekondari yanaibua swali la kale la falsafa: je, kazi ya mikono ni elimu kamili? Aristotle alitenganisha elimu ya mtu huru na kazi za ujira, akiona kwamba hizo hudunisha akili. John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu demokrasia na elimu, aliupinga mgawanyo huo: fikra hukomaa mtu anapokabili tatizo halisi. Mwaka 1967 Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba na karakana viwe sehemu ya shule, na mitihani ipunguziwe uzito.

Leo sera ya elimu ya Tanzania, toleo la 2023, ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi. Hiari ya kweli ina masharti mawili: somo linaloweza kuchaguliwa liwe na mwalimu na vifaa, na alama za karakana ziheshimiwe sawa na za darasani. Yasipotimizwa, amali hugeuka kimbilio la walioshindwa, na akili ya fundi hudharauliwa pamoja na utu wake.