Wimbo Uliochanganywa Ni wa Nani?

Sisi hatuoni kosa kuchanganya muziki wetu na wa wageni. Mzee Mingiedi Mawangu wa Kinshasa alitia likembe umeme kwa sumaku za magari ya kufa, na mwaka 2007 kundi lake, Konono No. 1, likasikika katika albamu ya Björk, mwimbaji wa Islande. Jina lao liliandikwa.

Shida iko pale jina linapopotea. Mama Afunakwa wa Visiwa vya Solomon aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto, mtaalamu Hugo Zemp akaunasa. Mwaka 1992 Wafaransa wa Deep Forest walitia sauti ile katika plaki yao pamoja na ngoma za mashine. Ikauzwa sana, bila jina la mama. Tena mwaka 1996 Jan Garbarek, mpiga saksofoni wa Norvege, akaupiga akiuita wimbo wa Mbilikimo. Kumbe watu wa pori zetu wakapewa wimbo usio wao! Tufurahi ao tuone haya?

Mwanafunzi wetu mmoja alirekodi nyanya yake akiimba, akamutumia rafiki wa Ubelgiji, eti wafanye albamu. Tukamuuliza: nyanya anajua? Akaangalia chini.

— Mwalimu, yeye hajue hata albamu ni nini.

Tukamurudisha nyumbani, aende amwelezee kwanza.