Nafaka Iliyolowa

Mama muuza achari alinijia dukani Jumatatu asubuhi, akaweka chupa mbili mezani. Moja ilikuwa yake, achari ya maembe anayoipika kwake Kisauni na kuiuza Kongowea, yenye jina la bintiye. Ya pili ilikuwa pilipili ya mtu asiyemjua. Vibandiko vyote viwili vilikuwa na jani lile lile, limejikunja vile vile juu ya duara lile lile.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona alama yangu ina pacha?"

Nilikuwa nimemtoza shilingi 1,500 kwa nembo hiyo. Nilichukua nembo iliyokwisha kuchorwa kwenye programu ya violezo, nikageuza rangi, nikaandika jina. Dakika kumi. Siku ile aliniuliza, "Sasa hii ni yangu?" Nikamjibu, "Ni yako, mama." Sikutamka "peke yako". Tangu hapo najiuliza kama ulimi uliolikwepa neno umeikwepa na dhambi.

Wenzangu wa kazi hii wana jibu la haraka: rahisi ghali. Mwenye biashara ndogo akitaka nembo na tovuti, alipe bei ya fundi au akae bila. Silikubali jibu hilo. Mama aliyeanza na debe moja la maembe hana kosa kwa kuwa na shilingi 1,500, na upungufu wa mfuko haumwondolei mtu haki ya kutotendewa hila. Isitoshe, bei haipimi kazi. Mwaka 1971 huko Marekani, mwanafunzi aitwaye Carolyn Davidson alilipwa dola 35 kwa kuichora alama ya Nike. Mwaka 1983 kampuni ikamwongezea pete na hisa. Malipo ya mwanzo yalikuwa madogo, lakini alichowapa alikuwa amekichora kwa ajili yao.

Na hapa kwetu Mombasa, nikitoka dukani hatua chache nafika Mtaa wa Biashara, wanakouza kanga za Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Alama yake ni maandishi tu: K.H.E., Mali ya Abdulla. Haina jani wala duara. Mama zetu huyatafuta maneno hayo kwenye kitambaa kabla ya kuuliza bei. Marehemu baba, aliyekuwa akichora vibao vya maduka kwa brashi, alinifundishia hapo. Alisema herufi zilizonyooka zamtosha mwenye duka, mradi awe ni yeye aliyeandikwa.

Kosa langu, basi, halikuwa katika bei. Ipo hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa ameisikia: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Nimeifikiria sana hadithi hii nikiwa mbele ya kompyuta. Mtume hakumzuia yule mtu kuuza nafaka iliyolowa, wala hakumwambia kwamba bei yake ni ndogo mno. Alichokikataa ni mpango wa rundo: kavu juu, mbichi chini.

Rafiki yangu mmoja, msomi kunishinda, alinipinga. Alisema biashara ni ridhaa, na mama aliridhika, akalipa, akaondoka akitabasamu. Lakini mtu huridhia anachokijua. Mama yule hakujua kwamba leseni ya kiolezo kile inamruhusu yeyote kukitumia, wala kwamba siku akitaka kuisajili nembo yake KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, ailinde kwa miaka 10, jani lile lingemkwamisha. Mimi nilijua. Pengo hilo kati ya ujuzi wangu na wake ndilo lililokuwa unyevu chini ya rundo.

Kwenye tovuti pengo hilo ni kubwa zaidi. Wamenijia wenye maduka waliotengenezewa tovuti kwa bei ya chini, kumbe kikoa cha .co.ke kimesajiliwa kwa jina la fundi. Mwaka wa pili fundi hapatikani, nao hawawezi kuhamisha chochote, ilhali anwani ile imeshachapwa kwenye risiti na mifuko. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Basi fundi anayeshika nywila za duka la mtu ameshika amana, hata kama alilipwa shilingi mia.

Sasa nembo zinazotoka kwenye violezo naziuza bado, kwa shilingi 1,500 ile ile, ila mteja namwonyesha kwanza kiolezo chenyewe, na namwambia wengine wanacho. Wengi huchukua. Asiyetaka, kwa pesa hizo hizo namwandikia jina tupu, kwa herufi za baba.

Mama yule nilimrudishia pesa zake, nikamwomba radhi. Vibandiko 200 alivyokwisha kuchapisha nililipa mimi. Kisha nikamwandikia jina kwa mkono, kwa wino mweusi, mchana mzima, nikarudia herufi ya kwanza mpaka ikakaa sawa. Alipokuja kuichukua karatasi aliishika mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wasio na miwani, akalisoma jina la mwanawe kwa sauti.

"Hii," akauliza, "ni yangu peke yangu?"

"Peke yako, mama."