Mjusi kafiri naye ana haki?

Mdogo wangu anayesoma Uingereza alinipigia simu. Amepewa mjusi wa kufugwa aliyetelekezwa, wa jamii ya huyu tunayemwita mjusi kafiri, asili yake Pakistan na Afghanistan. Mkia, ambamo huhifadhi mafuta, umekonda kama uzi. Je, amuuguze ilhali hadithi sahihi imeamrisha kuuawa?

Ndugu msomaji, swali si la mzaha. Kuruhusiwa kuua si kuruhusiwa kutesa kwa njaa. Mtume (s.a.w.) huyo huyo ndiye aliyetueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Uzito upo kwenye kule kufungia. Mjusi wa ukutani kwako anajitafutia. Huyu wa kwenye sanduku la kioo, riziki yake iko shingoni mwa aliyemfungia.

Nikamwambia amuuguze. Daktari wa wanyama akamwelekeza: kwanza joto, maana bila joto mjusi hasagi chakula, kisha maji, ndipo nyenje wadogo. Siku ya tisa akala mmoja.

Yule aliyemtelekeza, nasikia, ameshanunua kobe.