Breki ni ya Nani?

Mpwa wangu pale Jego ameiunda upya Honda kuukuu. Katoa madigadi, kakata kiti, kisha kang'oa breki ya mbele. Nikamuuliza kulikoni. "Mjomba, piki za mashindano ya udongo huko Marekani hazina breki ya mbele. Ndio mtindo."

Hakusema uongo. Kwenye mbio hizo waendeshaji huzunguka kiwanja cha udongo, kona zote wakikata kushoto, tairi la nyuma likiteleza, mguu wa kushoto umevaa soli ya chuma. Zamani hata breki ya nyuma haikuwapo. Ukishika breki ya mbele huku umelala kwenye kona, waweza kuanguka, na anayekufuata akakupanda.

Lakini pale wote wanaelekea upande mmoja, na kila mmoja kaingia kwa hiari yake, akijua mwenzake naye hana breki. Barabara ya Lunga Lunga kwenda Vanga haina makubaliano hayo. Mbuzi hajakubali. Mtoto aliyetumwa dukani hajakubali.

"Kwani mwili si wangu?" akaniuliza. Mwili ni wake, sikatai. Ila breki si ya anayeendesha peke yake. Nusu yake ni ya yule aliye mbele.

Nami nisijifanye msafi. Siku ile ile nilipanda nyuma yake hadi Vanga, maana nilikuwa na haraka. Mimi nilikubali, sawa. Lakini nilikubali kwa niaba ya nani?