Chuma, Nyota na Mizani: Aya Tunayoisoma Nusu

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Katika mihadhara ya da'wa vyuoni kuna hoja moja isiyokosekana. Mzungumzaji hutaja aya ya 25 ya Surat al-Hadid, ambamo Allah anatueleza kuwa amekiteremsha chuma. Kisha husema kwamba wanasayansi wamegundua juzi tu kuwa chuma hakikutengenezwa duniani bali kilitoka kwenye nyota, kwa hiyo Qur'ani imewatangulia kwa karne kumi na nne. Takbir hupigwa na mada hufungwa.

Naomba tuifungue tena. Swali langu ni la kimaadili kuliko la kisayansi. Je, tunaitendea haki aya hii? Na sayansi tunayoiazima, tunaitendea haki?

Nyota hulipukaje?

Tuanze na sayansi yenyewe, kwani si uadilifu kutumia ushahidi tusioufahamu.

Nyota ya kiasi cha Jua ikimaliza nishati yake, huacha kiini kidogo kiitwacho nyota kibete nyeupe. Ukubwa wake ni kama wa Dunia, lakini uzito wake hukaribia wa Jua, na sehemu kubwa yake ni kaboni na oksijeni. Ikiwa peke yake, hupoa polepole na kisa chake huishia hapo. Ikiwa na nyota jirani, inaweza kuinyonya mada yake au hata kugongana nayo. Mwaka 1930 kijana mzaliwa wa Lahore, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa na miaka 19 na yuko melini kwenda Uingereza kusoma, alipiga hesabu akaonyesha kuwa nyota ya namna hii haiwezi kujihimili ikizidi uzito fulani. Leo mpaka huo unajulikana kuwa karibu mara 1.4 ya uzito wa Jua.

Nyota inapoukaribia mpaka huo, kaboni iliyo ndani huanza kuungua. Huku si kuungua kwa kuni. Kuni zikiungua, atomu hubadilishana majirani tu, lakini humu viini vya atomu vyenyewe hugongana na kuungana, vikazaa atomu nyingine. Katika nyota ya kawaida, moto wa aina hii hujidhibiti, kwani joto likizidi gesi hutanuka, na ikitanuka hupoa, kama mvuke unavyoinua mfuniko wa sufuria ukapumua. Nyota kibete haina mfuniko wa kuinuka. Mada yake imebanwa kiasi kwamba kinachoizuia isiporomoke si joto, kwa hiyo ikipashwa moto haitanuki upesi. Joto huongeza moto na moto huongeza joto. Ndani ya sekunde chache moto huenea na nyota nzima husambaratika.

Zao kubwa la moto huo ni nikeli ya aina isiyodumu. Nusu yake hugeuka kuwa kobalti kwa siku 6 hivi, na nusu ya kobalti hiyo hugeuka kuwa chuma kwa siku 77 hivi. Mwanga tunaouona kwa wiki na miezi baada ya mlipuko hutokana na mageuzi hayo. Mwaka 2014 setilaiti ya INTEGRAL ilinasa miale ya gama ya kobalti hiyo kutoka kwenye nyota iliyolipuka katika galaksi ya M82. Hivyo ni kweli kwamba chuma cha msumari, cha sufuria na cha damu yetu kilipikwa ndani ya nyota, sehemu yake kubwa katika milipuko ya aina hii. Hapo mzungumzaji wetu hakukosea.

Udhaifu wa hoja

Udhaifu wake uko mahali pengine. Kwanza ni lugha. Neno la kuteremsha katika Qur'ani halimaanishi lazima kitu kudondoka kutoka angani. Katika Surat az-Zumar aya ya 6, Allah anatumia neno hilo hilo kuhusu wanyama wa mifugo, na katika Surat al-A'raf aya ya 26 kuhusu mavazi. Hakuna anayedai kuwa mbuzi walitoka kwenye nyota. Wafasiri wa zamani walilijua hili. Wako waliofasiri kuteremshwa kuwa ni kuumbwa na kuneemeshwa, na iko riwaya kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Adam (a.s.) alishuka na fuawe, koleo na nyundo.

Pili ni hesabu za mkato. Husemwa kuwa al-Hadid ni sura ya 57 na kwamba atomu ya chuma nayo ni 57. Chuma chenye namba hiyo kipo, lakini ni kama asilimia 2 tu ya chuma chote. Kilicho kingi, zaidi ya asilimia 90, ni cha 56. Atakayeingia katika dini kwa mlango wa 57 anaweza kutoka kwa mlango huo huo siku atakapofungua kitabu cha kemia.

Tatu ni tabia ya sayansi yenyewe. Mwaka 1956 wanasayansi mashuhuri, miongoni mwao Fred Hoyle na William Fowler, walipendekeza kuwa mwanga wa nyota hizi hutokana na elementi nzito iitwayo kaliforniamu, ambayo ilikuwa imeonekana katika mabaki ya bomu la haidrojeni lililolipuliwa Pasifiki mwaka 1952. Hesabu zililingana vizuri. Baadaye ilibainika kuwa siyo, ni nikeli na kobalti. Fikiria kama mhubiri wa mwaka 1957 angeifungamanisha aya na kaliforniamu! Mpaka leo wataalamu wanajadiliana moto unaanzaje ndani ya nyota kibete, na unaenea kwa kasi gani. Kwao kubadili kauli ushahidi ukibadilika si aibu. Aibu ni yetu tukikikalisha Kitabu kisichobadilika juu ya kauli inayobadilika.

Ndugu mmoja atasema, "Lakini hoja hii imewavuta watu." Huenda. Ila sisi tumeamrishwa kuwa wakweli kabla ya kuamrishwa kuwa wengi.

Mfano wa Ibn Ridwan

Tunaye mfano katika historia yetu. Mwaka 1006 nyota mpya ilitokea kusini mwa anga, na watafiti wa leo wanaihesabu kuwa ya mlipuko wa aina tuliyoieleza. Huko Misri aliiona Ali ibn Ridwan, wakati huo kijana anayeanza masomo, baadaye tabibu mkubwa wa Cairo. Aliandika mahali ilipokuwa, akakadiria ukubwa wake kuwa mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura, na mwanga wake kuwa zaidi kidogo ya robo ya mwanga wa mwezi. Maelezo hayo wanajimu wanayatumia hadi leo.

Lakini alifanya jambo la pili. Aliifungamanisha nyota ile na vita, njaa na kupanda kwa bei. Sehemu hiyo leo haina faida kwa yeyote. Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufunza siku jua lilipopatwa, siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Angekuwa mtafuta sifa, siku ile angenyamaza watu waamini kuwa mbingu zinamlilia mwanawe. Hakukubali dini yake ipate nguvu kwa dhana isiyo ya kweli. Hiyo ndiyo sunna ninayotaka tuihuishe.

Nusu iliyosahaulika

Sasa turudi kwenye aya. Kabla ya kutaja chuma, Allah anataja kuwa amewatuma Mitume kwa hoja zilizo wazi, na kuteremsha pamoja nao Kitabu na mizani ili watu wasimamishe uadilifu. Ndipo anakitaja chuma, kwamba kina nguvu kali na manufaa kwa watu. Kitabu, mizani, chuma. Sisi tumeruka viwili vya mwanzo tukashangilia cha tatu.

Mimi natoka Kabuta, wilaya ya Nchelenge, mwambao wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mbingu ikiwa safi, aliyesimama pale mwaka 1006 angeiona nyota ile juu zaidi kuliko Ibn Ridwan alivyoiona Misri. Leo usiku wa giza ziwa hujaa taa za wavuvi wa chisense, samaki wadogo kama dagaa. Asubuhi wachuuzi wanawasubiri ufukweni na ndoo zao na mizani zao. Mtu wa Kabuta hana haja ya kuambiwa chuma cha mizani kilitoka nyota gani. Haja yake ni kujua kama mizani hiyo inasema kweli, na kama ndoo haikupondwa chini ili imeze zaidi. Surat al-Mutaffifin imeshuka kwa ajili ya swali hilo.

Ng'ambo ya ziwa ni Katanga, nchini Kongo. Huko, katika mgodi wa Shinkolobwe, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945. Urani nayo ni zao la matukio makali ya nyota, ingawa si ya aina hii. Kisha likaja bomu la haidrojeni, ambalo huunganisha viini vya atomu, kama nyota zinavyofanya. Waliolitengeneza hawakukosa chuma wala elimu. Kilichokosekana ni mizani.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma fizikia, isome kwa haki yake, na usiilazimishe itoe ushahidi wa uongo kwa ajili ya dini. Nawe unayesoma dini kama mimi, usiseme juu ya nyota ila ulichokihakikisha. Na tukipata kazi, mkononi mwetu kukawa na kalamu ya ofisi, bajeti ya halmashauri au maabara, tujue kwamba hicho ndicho chuma chetu. Aya inaendelea kusema kwamba kwa hayo Allah atadhihirisha ni nani anayemnusuru Yeye na Mitume Wake hali ya kuwa hamuoni. Mtihani wenyewe ni huo.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na mizani isiyoyumba. Wallahu a'lam.